Ramani ya Gari Dogo Si Ramani ya Lori

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Naam, lakini nadhani lau wangaliishi hadi leo wangaliongeza neno moja: chagua wa kumwuliza. Mpenzi msomaji, katika ukurasa huu ningependa tuzungumze juu ya GPS, chombo ambacho siku hizi ndicho kinachoulizwa njia na madereva wengi. Wengi wetu tunakifahamu ndani ya simu, nacho hutumiwa kutafutia nyumba ya arusi au uwanja wa michezo. Kwetu sisi mambo ni tofauti. Mimi ni binti wa dereva wa trela, tunaishi Mariakani karibu na mizani, na chombo hiki kimetugusa katika unga wetu na katika usalama wa baba yetu.

Baba ameendesha lori kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka 17. Barabara hiyo anaijua usiku na mchana: mizani ya hapa kwetu, ya Athi River, ya Gilgil na ya Webuye, mteremko wa Mai Mahiu, na ule wa Salgaa ambao umewamaliza watu wengi. Hakuwahi kuhitaji kuambiwa na mtu, sembuse mashine, "pinda kushoto." Mwishoni mwa mwaka jana tajiri wake akabadilisha mambo. Aliwaambia madereva wanne kwamba kuanzia Januari watapeleka makontena hadi Kigali, Rwanda. Asiyeweza aseme mapema, maana nafasi yake ina wengi wanaoingojea.

Baba hakuwa amewahi kuvuka Malaba. Mama aliposikia habari hizo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba Kadzo, usisahau yaliyomkuta jirani."

Jirani huyo, dereva kama Baba, alikuwa katika nchi ya ugenini simu yake ilipomwonyesha njia ya mkato. Akaifuata. Lami ikaisha, ukaja murram, kisha kijia kati ya migomba, na mwisho daraja la mbao. Trela haigeuzwi kama baiskeli! Alikaa pale siku mbili, usiku dizeli ikanyonywa na watu wasiojulikana, na aliporudi mshahara ukakatwa. Sasa tafakari, ndugu msomaji: simu haikumdanganya. Njia ilikuwapo na ilikuwa fupi kweli. Gari dogo lingepita bila shida. Lakini hakuna aliyeiambia simu kwamba anayeuliza njia yuko juu ya lori.

Hapo ndipo Baba aliponiita. "Mwanangu, wewe ndiwe unayesoma Kiingereza. Hebu tafuta tujue kitu hiki hufanya kazi vipi, kabla hakijanipeleka mimi pia kwa migomba."

Nilisoma maktabani na nikamwuliza mwalimu wetu wa Fizikia. GPS ni mali ya serikali ya Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kuwa kamili mwaka 1995. Hapo awali ishara walizopewa raia zilikuwa zikipunguzwa usahihi kwa makusudi. Jambo hilo lilikomeshwa Mei 2000. Setilaiti hizo huizunguka dunia zikiwa juu yake kwa kilomita 20,000 hivi. Kila moja ina saa ya kiatomu, na wakati wote hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa cha dereva husikiliza angalau setilaiti 4, hupima muda ambao kila ishara imechukua kufika, na kutokana na hesabu hiyo hujua kiko wapi.

Kumbe basi kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kujua ulipo. Hilo hutokana na setilaiti, na halihitaji bando. La pili ni kujua njia. Hilo hutokana na ramani, na ramani hutengenezwa na binadamu. Setilaiti haioni shimo, daraja wala migomba. Ikiwa ramani imehifadhiwa ndani ya kifaa, dereva ataendelea kuongozwa hata mahali pasipo na mtandao. Ikiwa inategemea intaneti, akivuka mpaka na laini yake ikakatika, atabaki akitazama nukta juu ya kioo kitupu.

Isitoshe, kuna ramani na ramani. Huko Marekani, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, kuna daraja la reli ambalo nafasi ya chini yake ilikuwa futi 11 na inchi 8 tu, yaani kama mita 3.56. Malori yaliligonga mara kwa mara na kuchunwa paa kama ndizi, ingawa vibao na taa za onyo zilikuwapo, hadi daraja lilipoinuliwa kwa inchi 8 mwaka 2019. Ni kwa ajili ya hatari kama hizo GPS za malori zilitengenezwa. Hizo kwanza humwuliza dereva: gari lako lina kimo gani? Urefu gani? Upana gani? Uzito gani? Umebeba kitu cha hatari kama petroli? Akishajibu ndipo hutafuta njia.

Tulienda dukani Mombasa, tukaonyeshwa kifaa maalumu cha malori chenye kioo kikubwa. Bei yake ingelipa chakula changu cha mchana shuleni hadi nimalize kidato cha nne. Muuzaji alikisifu mno. Nikamwuliza swali moja nililokuwa nimeliandika daftarini: "Ramani iliyomo ndani ni ya nchi zipi?" Akapekua, akapekua. Ilikuwa ya Ulaya. Ya Afrika Mashariki ingenunuliwa kando. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukaaga kwa heshima.

Nyumbani tukachukua simu ya Baba, tukaweka programu mbili: moja ya kawaida ya magari madogo, na moja ya malori ambayo ramani zake za Kenya, Uganda na Rwanda huhifadhiwa simuni. Baba akasema, "Shahidi mjaribu kwa jambo unalolijua." Basi hatukuziuliza njia ya Kigali. Tuliziuliza njia ya kutoka hapa Mariakani hadi Malaba, ambayo yeye anaijua kuliko mashine yoyote.

Ile ya kawaida ilimtaka apande barabara ya juu ya kulipia pale Nairobi na kushukia Westlands. Saa ilizompa zilimfanya acheke. Lori la mizigo nchini Kenya haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, ilhali saa zile zilikuwa za mwenye gari dogo aliye na haraka zake. Ile ya malori ilimpitisha Southern Bypass, ikamtokeza Kikuyu, kisha ikamshusha Mai Mahiu. "Hii angalau imeshawahi kuona lori," akasema Baba. Hata hivyo, nayo haikuonyesha mizani ya Gilgil. Tukaiweka alama wenyewe.

Jambo la saa si dogo, wasomaji wapendwa. Sheria ya trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Tajiri akihesabu safari kwa saa za gari dogo, pengo hilo hulipwa kwa usingizi wa dereva. Dereva anayesinzia akiwa kwenye mteremko na tani nyingi mgongoni haendi peke yake. Huenda na waliomo kwenye matatu iliyo mbele yake. Baba aliandika saa za lori kwenye karatasi, akampelekea tajiri. Mzee yule alikuna kichwa, akaguna, mwishowe akaongeza siku moja. Nakwambia, hata kama tusingepata faida nyingine, siku hiyo moja ilitosha.

Jumapili iliyofuata tulitoka na futi kamba. Kahindi, utingo wa Baba, alipanda juu akashika ncha moja, nami nikasoma chini. Hapo tuligundua jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Kontena ya kawaida ina kimo cha mita 2.59, na ile ndefu ina mita 2.90. Ziweke juu ya trela ileile na kimo cha lori kinabadilika kwa sentimita 31! Kwa hiyo vipimo haviandikwi mara moja vikasahauliwa. Kila safari huandikwa upya. Uzito nao ni wa gari na mzigo pamoja, si wa mzigo pekee. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56, kwa lori lenye ekseli 7. "Mashine hii itataka kujua pia nimekula nini asubuhi," Baba akalalamika, lakini aliandika.

Tulikubaliana pia juu ya matumizi. Mahali pa kwenda paandikwe kabla injini haijawashwa. Simu ifungwe chini pembeni mwa kioo cha mbele, isizibe macho. Dereva asikilize sauti tu. Wa kuigusa ni utingo. Na mashine ikisema "pinda" na barabara ikakataa, lori lisimame mahali salama, Kahindi ateremke akaulize mtu wa boda boda.

Huenda ukauliza, je, lori halikuwa na GPS tayari? Lilikuwa nayo. Tajiri ana yake ya kufuatilia gari. Aidha, tangu mwaka 2017 mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena kwa sili za kielektroniki. Lakini hizo humwonyesha dereva kwa wengine. Dereva mwenyewe hazimwonyeshi kitu. Jirani yetu alipokwama kwenye migomba, ofisini walimwona vizuri sana.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungiwa malori Februari 2019, yakageuziwa Mirama Hills na Kagitumba. Ulifunguliwa tena Januari 2022. Mei 2023 mafuriko yaliharibu barabara kwenye daraja la Katonga, kati ya Kampala na Masaka, na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Ramani ambayo haijasasishwa ingekupeleka hadi mlangoni ukutane na kufuli. Kwa sababu hiyo Baba alimwendea mzee mmoja aliyestaafu baada ya kuipita njia hiyo miaka mingi, akaketi naye jioni mbili na daftari. Mzee huyo ndiye aliyemkumbusha kwamba Kenya na Uganda tunapita kushoto, lakini ukiingia Rwanda unahamia kulia. Katika mazoezi yetu yote mezani, simu haikuwa imelitamka jambo hilo.

Januari ikafika, Baba akaondoka. Mama alihesabu siku kwa vidole. Siku ya kumi na moja tukasikia honi, na Kahindi akashuka na mkungu wa matoke begani. Walituhadithia kwamba karibu na Masaka simu iliwataka wapite mtaa fulani. Kahindi akateremka kuuliza. Kumbe siku hiyo ilikuwa ya soko, na wauzaji wametandaza bidhaa hadi katikati ya njia. Wakazunguka. Kwingineko mashine iliwafaa sana, hasa usiku walipoingia Kampala. Baba alisema jijini humo angepotea mara tano. Sasa ameshaenda Kigali mara tatu, na daftari la mzee bado liko kando ya simu. Kila arudipo huongeza mstari.

Wanafunzi wenzangu, kalamu yangu inaomba kupumzika, lakini haiwezi kutua kabla ya kuwaambia hili. Wengi wetu hapa shuleni ni watoto wa madereva, wa utingo na wa makuli wa bandarini. Wazazi wetu wanajua barabara. Sisi tunajua kusoma maandishi madogo. Kiingereza na Fizikia tunazofunzwa hazikuletwa kwa ajili ya mtihani pekee. Leo jioni mwulize mzazi wako lori lake lina kimo gani likiwa na kontena ndefu. Ukiona anasitasita, usimcheke. Tafuta futi kamba.