Chombo Chaondoka Forodhani

Wenzangu huniuliza ati, mtoto wa Mji wa Kale na vyombo vya angani wapi na wapi? Basi Katama Mkangi, mtu wa Pwani yetu hii, alitoa Ukiwa mwaka 1975, Mafuta 1984, kisha 1995 akamrusha Dzombo hadi Walenisi. Naye Wanuri Kahiu aliandika na kuongoza filamu ya Pumzi, 2009, baada ya vita vya maji. Hayo mie nayaelewa sana; kwetu twanunua maji ya mkokoteni! Baba ataka nifanye kazi bandarini. Mimi nimeshaandika kurasa 12: chombo chaondoka Forodhani, Ngome ya Yesu yaonekana chini kama mtu aliyelala chali. Nilimsomea Bibi. Akauliza, “Na huko juu, mjukuu wangu, watakula nini?” Ukurasa wa 13 nauandika jikoni.