Keki ya kilo nane haikai juu ya boksi

Dada yangu anaoka keki nyumbani kwake Tabata, na kazi hiyo ndiyo inayolipa ada ya watoto wake wawili. Mwaka jana keki ya kipaimara ya kilo nane ilipasuka katikati ikiwa ndani ya bajaji. Keki haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa chini yake: kadibodi ya boksi iliyokatwa duara, ikanyonya unyevu wa friji usiku kucha, ikalegea. Alimrudishia mteja pesa yote na ada ya muhula ikachelewa.

Baada ya hapo akaamua kwenda kwa fundi seremala. Kwa kuwa mimi naandika habari za afya, akaniuliza kama mbao ya kwa fundi inafaa kukaa chini ya chakula cha watoto. Nikamwambia inategemea ni mbao gani.

Vipande vya mbao za kupaulia zilizowekwa dawa ya mchwa, zile zenye ukijani kwa mbali, visiingie jikoni kabisa. Dawa hiyo mara nyingi huwa na shaba, kromiamu na arseniki. Vinavutia kwa sababu kwenye nyumba zinazojengwa unaviokota bure.

Plaiwudi na MDF ni habari nyingine. Gundi inayozishikanisha kwa kawaida huwa na fomaldehaidi, kemikali ambayo tangu mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Hatari yake kubwa ni kuivuta kwa pua, kwa hiyo kipande kimoja kilichofunikwa, chini ya keki kwa siku moja, hakininyimi usingizi. Kinachonisumbua ni mtu kukata MDF sebuleni huku watoto wakicheza pembeni, maana vumbi la mbao nalo limo kwenye kundi hilohilo. Mwache fundi akatie kwake na apige msasa kingo zote.

Dada alichukua unene wa milimita 9 kwa keki za kawaida na 12 kwa zile nzito. Ubao unazidi keki kwa inchi mbili kila upande. Chini fundi alipigilia vipande viwili vyembamba vya mbao, ili vidole vipate pa kupita wakati wa kunyanyua. Bila hivyo utaona watu wanne ukumbini wakikwaruza meza.

Kabla ya kuutumia, weka katikati mfuko wa mchele wenye uzito kama wa keki, kisha nyanyua kwa ncha mbili. Ukiona unapinda, usiupeleke kwenye sherehe ya mtu.

Asiye na fundi karibu anaweza kubandika kadibodi tatu pamoja, mistari ya ile ya kati ikikata ya wenzake, na kuziba kingo kwa selotepu. Itabeba keki ndogo.

Juu ya ubao funika foili, kisha karatasi ya kuokea kati ya foili na keki. Kisu hutoboa foili, na krimu yenye limau au nanasi huila aluminiamu taratibu. Karatasi za zawadi zenye kumetameta hazikutengenezwa kugusa chakula. Wala gazeti, nami nasema hivyo nikiandika gazetini.

Sasa anatoza amana ya shilingi 5,000 kwa kila ubao, kwa sababu wateja hawarudishi. Vitatu bado viko mitaani, na kimoja tumesikia kinakatiwa mchicha. Nimemwomba ampigie simu mama huyo: ile ni MDF, ikiloweshwa inavimba na kumeguka, na vipande vyake vitaishia kwenye sufuria.