Mashine ya kufulia kijijini: hesabu ya maji, stima na Jumamosi

Leo hifadhidata na lugha za programu zipumzike kidogo. Watu wawili watatu wameniuliza swali lile lile: "Wewe msomi wa kompyuta, tushauri, tununue mashine gani ya kufulia?" Kila aliyeuliza alitaka nimtajie jina la kampuni. Sitataja. Si uchoyo, jamani! Jina la kampuni ndilo jambo la mwisho la kuangalia. Huku kwetu kuna mambo matatu yanayolitangulia: maji yako, stima yako, na saa za nani unazotaka kuziokoa.

Kwetu ni Majoreni, kaunti ya Kwale, kati ya Shimoni na Vanga. Kwa asiyepajua, ni pwani ya mikoko, minazi, wavuvi na mawe ya matumbawe. Nyumbani tuko saba. Baba ni mvuvi. Mimi naandika programu Mombasa na kila mwisho wa mwezi narudi. Kufua kulikuwa kazi ya mama na mdogo wangu wa kike, ambaye yuko sekondari. Siku yao ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi asubuhi ndipo wanafunzi wenzake hukutana kurudia hisabati na fizikia. Akienda kusoma, mama anabaki peke yake na makarai. Akibaki kufua, anakopi daftari la mwenzake Jumapili. Hilo ndilo tatizo tulilotaka kulitatua. Mashine ilikuwa njia tu.

PIMA KWANZA

Kabla ya kuandika programu yoyote unapima. Baba ana mizani ya kupimia samaki, ile ya kutundika. Tuliiosha, tukafunga nguo chafu ndani ya shuka na kuzipima kabla hazijalowa. Mdogo wangu aliandika hesabu kwa wiki nne. Wastani ulikuwa kilo 19 za nguo kavu kwa wiki, mitungi 14 ya maji ya lita 20, na saa 5 za kazi kwa watu wawili. Yaani saa 10 za binadamu kila wiki, bila kuhesabu kuteka maji.

Mwaka 2010 Hans Rosling, daktari na mtaalamu wa takwimu kutoka Sweden, alitoa hotuba mashuhuri kuhusu mashine ya kufulia. Alisema kati ya watu bilioni 7 duniani wakati ule, ni kama bilioni 2 tu waliokuwa na mashine hiyo. Waliobaki walifuliwa nguo kwa mikono, na mikono yenyewe ilikuwa ya wanawake. Mama yake, mashine ilipoingia nyumbani kwao, alipata nafasi ya kumpeleka maktaba. Nilipoiangalia hotuba ile niliona mambo ya nyumbani kwetu kabisa, ila tu kwetu badala ya maktaba ni fizikia.

MAJI

Maji yetu ni ya kisima. Ardhi ya hapa ni matumbawe, na matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Maji ya mvua yanapopenya humo huyeyusha kalsiamu na kuja nayo kisimani. Haya ndiyo yanayoitwa maji magumu: sabuni haitoi povu, inaganda na kuwa utando wa kijivu unaoshika nguo. Jaribu mwenyewe. Chukua chupa mbili, moja ya maji ya mvua, moja ya kisima. Tia kila moja vipande vidogo vya sabuni ya mche, vilingane, kisha tikisa. Ya mvua itajaa povu, ya kisima itakuwa na ukungu mweupe. Sabuni ya unga inastahimili zaidi kwa sababu imechanganywa na vitu vya kuidhibiti kalsiamu, lakini nayo utaitumia kwa wingi zaidi.

Sasa jambo la kuangalia. Maji magumu yakichemshwa huacha gamba jeupe, kama lile la ndani ya birika. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina koili ya kuchemshia maji, na gamba hilo hukaa juu ya koili. Kwa maji kama yetu, mashine ya aina hiyo itataka kusafishwa mara kwa mara, au ufue kwa maji baridi daima.

Halafu kuna nguvu ya maji. Mashine ya otomatiki inavuta maji kwa mfereji kupitia valvu, na valvu inataka msukumo. Vijitabu vya mashine nilizoziangalia vilitaka angalau baa 0.5. Hesabu ni rahisi: kila mita 10 za kimo cha maji ni kama baa 1. Tangi letu liko juu ya jukwaa la mita 3, kwa hiyo tunapata baa 0.3. Ili kufika 0.5 tungejenga jukwaa la mita 5 au tufunge pampu. Pampu nayo inataka stima...

STIMA

Mashine ya otomatiki ni kompyuta ndogo yenye orodha ya hatua: jaza, fua, mwaga, suuza, kamua. Kila hatua inasubiri sharti litimie. Maji yasipofika kiwango kwa muda uliowekwa, inaonyesha alama ya hitilafu na kusimama. Aliyeiandika programu hiyo aliamini kwamba mfereji hautoi maji kwa zamu na stima haikatiki. Si mjinga, aliandikia nyumba anayoijua. Sisi waandishi wa programu kila siku tunafanya hivyo, na mtumiaji wa mbali ndiye anayelipa.

Nyingine zinakumbuka zilipoishia stima ikirudi, nyingine zinaanza upya, nyingine zinakaa na mlango umefungwa na nguo zako zinaogelea ndani. Muulize muuzaji ni ipi kati ya hizo, na umwombe achomoe waya mbele yako katikati ya kazi. Akikataa, umeshapata jibu.

KAULI YA MAMA

Nilipomaliza kueleza haya yote kwa michoro, mama alikuwa akiparua samaki. Akasema: "Mwanangu, mimi mashine siikatai. Nakataa kitu ambacho kikikwama mimi nikae nakitazama, nikisubiri fundi atoke Mombasa."

Nikamwambia, "Sawa mama." Katika miaka yangu ya kazi sijapewa maelezo ya mahitaji yaliyo wazi kama hayo!

Tukachukua mashine ya mapipa mawili, ya kilo 7. Upande mmoja unafua, upande wa pili unakamua. Maji unamimina kwa ndoo, kwa hiyo habari ya baa imekwisha. Haina koili. Nyingi za aina hii hazina hata pampu. Maji machafu yanatoka yenyewe kwa mpira ulioelekezwa chini. Kilichonifurahisha zaidi ni saa yake. Si ya kompyuta, ni ya springi, unaizungusha kwa mkono. Stima ikikatika, springi inaendelea kujikunjua hadi sifuri. Stima ikirudi baada ya saa moja hukuti mashine imejiwasha yenyewe na mtoto amesimama pembeni. Watu wa programu tungeandika mistari mingi kupata usalama huo.

Tusidanganyane, ina hasara zake. Lazima mtu awepo kuhamisha nguo kutoka pipa moja kwenda jingine. Na kwa maji, ile ya mlango wa mbele inatumia kidogo kuliko zote, kama lita 50 kwa mzigo mmoja. Mwenye nyumba Diani mwenye pampu nzuri na maji ya kutosha, na ambaye hashindi nyumbani, achukue hiyo bila wasiwasi. Sisi tunapunguza maji kwa njia nyingine: tunaanza na nguo nyeupe, maji yale yale yanafua za rangi, ya mwisho nguo za baharini. Tumetoka mitungi 14 tukafika 10. Stima ni kama nusu uniti kwa wiki, maana mota ya kufulia ni wati 350 hivi na haifanyi kazi muda mrefu. Na pipa la kukamulia ni neema wakati wa masika: nguo inatoka karibu kavu, inamalizikia barazani bila kuvunda.

MATUNZO

1. Kung'uta mchanga. Nguo za baharini zinasuuzwa kwanza kwenye karai. Mchanga na chumvi vinakula sili, ule mpira wa duara unaozuia maji yasipite kwenye ekseli. Sili ikiharibika, maji yanashuka hadi kwenye mota.

2. Gamba la maji magumu. Kila baada ya miezi miwili jaza pipa, mimina vikombe viwili vya siki nyeupe, zungusha dakika 10, acha nusu saa, mwaga, suuza. TAHADHARI: usichanganye siki wala ndimu na jiki hata siku moja. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, nayo ni sumu ya mapafu.

3. Kichujio cha nyuzi kisafishwe kila siku ya kufua, na vifuniko viachwe wazi pipa likauke.

4. Panya. Mashine nyingi za aina hii ziko wazi chini, na panya anapenda joto na nyaya. Tumefunga wavu wa chuma wa matundu madogo, na mashine inakaa juu ya kibao.

5. Sakafu sawa. Ile otomatiki ya Bendix ya Marekani ya mwaka 1937 ilibidi ifungwe kwa boliti sakafuni kwa jinsi ilivyotetemeka. Ya leo haihitaji boliti, lakini pipa la kukamulia likipakiwa upande mmoja litaruka tu. Panga nguo kwa duara, weka na kile kifuniko cha ndani.

6. Ethi. Maji na stima pamoja si mchezo. Fundi wa stima ahakikishe soketi ina waya wa ethi unaofanya kazi kweli. Weka na kilinda volteji, ili stima inaporudi kwa kishindo isubirishwe kidogo. Chomoa waya kabla ya kugusa chochote ndani, na mtoto asitie mkono kwenye pipa linalozunguka.

7. Vipuri. Kabla ya kulipa, uliza mkanda, sili, saa na breki ya pipa la kukamulia vinapatikana wapi. Mkanda una namba iliyochapishwa juu yake. Sisi tuliiandika ukutani kwa makaa. Kama vipuri havipatikani Ukunda wala Mombasa, ondoka dukani.

8. Maji machafu. Matumbawe yana vitundu vingi, maji yanashuka upesi. Chimba shimo la kumwagia mbali na kisima, usije ukanywa sabuni yako mwenyewe.

SAA ZIMEKWENDA WAPI?

Hapa ndipo penye maneno. Mwaka 1983 mwanahistoria wa Marekani Ruth Schwartz Cowan alichapisha kitabu kuhusu vyombo vya nyumbani, kiitwacho More Work for Mother. Alionyesha kwamba mashine ziliondoa sulubu, lakini muda wa mama wa nyumbani haukupungua kama watu walivyodhani, kwa sababu viwango vya usafi vilipanda na kazi zilizokuwa za wengine zikarudi kwake.

Basi mizani ya samaki ikathibitisha! Mwezi wa tatu tulipima tena: kutoka kilo 19 tumefika 24. Kanzu iliyovaliwa swala moja inatupwa kwenye nguo chafu. Jirani analeta blanketi, "si mna mashine?" Ndugu zangu wa kiume wanabadilisha shati mara mbili kwa siku kama mawaziri. Saa za mashine zilikuwa zimeanza kuliwa, na anayesimama kando ya mapipa ni yule yule mdogo wangu.

Tukakaa baada ya chakula cha usiku. Baba, ambaye si msemaji, akatoa amri tatu. Siku ya kufua ihamie Jumapili. Mizani itundikwe pale pale penye mashine, na zamu iwe kwa wote, wavulana mbele. Blanketi la jirani lipokewe, maana ujirani ni ujirani, lakini jirani aje na maji yake na asimame mwenyewe. Ndugu yangu mmoja alinung'unika kwamba kufua si kazi yake. Mama akamjibu: "Kubonyeza simu wajua, kuzungusha saa hii itakushinda?" Kimya.

Wiki iliyopita mizani ilisoma kilo 20. Kazi ni saa 2 na nusu za mtu mmoja, badala ya saa 10. Mdogo wangu hajakosa Jumamosi hata moja tangu amri zile zitoke, na sasa daftari lake ndilo linalokopiwa. Mama anasema kola za kanzu bado anazifikicha kwa mkono kabla ya kutia, kwa sababu mashine haina macho. Sikubishana naye.

Basi ukiniuliza tena ununue ipi, nami nitakuuliza: tangi lako liko mita ngapi, na nani anafua kwako siku ya Jumamosi? Nijibu hayo kwanza, tutaelewana.

Wakatabahu, tuonane tena Inshallah.