Ngoma Imekwisha, Deni Limebaki

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Usemi huo nimeuandika mara nyingi kuwaasa wengine, wala sikudhani kwamba siku moja ungenigeukia mwenyewe.

Mwezi wa Agosti 2018 nilikwenda Bukundi, wilayani Meatu, mkoani Simiyu, kumjulia hali baba mdogo. Pamba ilikuwa imekwisha kuuzwa, na wananchi walikuwa wameandaa harambee ya kujenga darasa. Ilikuwa ya hiari. Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, michango ya lazima iliondolewa shuleni. Asiyetaka kutoa hakulazimika.

Ndugu msomaji, Wasukuma wana mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, jirani kwa jirani, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Siku ile zilialikwa pande zote mbili. Vumbi lilitimka, na kila jina la mchangaji liliposomwa, akina mama walipiga vigelegele. Huyu alitoa mbuzi, yule kuku. Bibi mmoja alileta mayai ndani ya kitambaa, yakanadiwa papo hapo. Kisha akatajwa mgeni kutoka Dar es Salaam. Nikasimama na kuahidi mifuko kumi ya saruji. Nakiri kwamba vigelegele vile vilinipendeza mno.

Nikarejea mjini. Kodi ya nyumba ikanisubiri mlangoni, mtoto akaugua, na saruji ikasahaulika.

Baada ya miezi minne, kijana aliyetoka nyumbani kwa basi aliniletea barua iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari. Ilitoka kwa mama mweka hazina wa kamati. Niliifungua nikitarajia kudaiwa. Hakunidai. Alieleza mbuzi aliuzwa kwa kiasi gani, mawe na mchanga viligharimu nini, na ukuta umefikia wapi. Wachangaji wote walikuwamo, hata bibi wa mayai. Mbele ya jina langu palikuwa na neno moja tu: "Ahadi." Mwishoni aliandika, "Mwanangu, karibu uje uone kazi ilipofikia."

Niliona haya kuliko kama angenitukana. Juma lile lile nilituma fedha za saruji kwa simu. Mwaka uliofuata nilikwenda kuliona darasa, na tangu hapo hutuma chochote nilicho nacho bila kuombwa.

Nimejiuliza mara nyingi: ni kitu gani kilichonirudisha? Bila ngoma ile nisingefahamiana na kamati, nayo isingenifahamu. Sherehe hufungua mlango. Lakini ngoma ikiisha watazamaji hutawanyika. Anayewarudisha ni yule anayewapa hesabu.

Ndivyo ilivyo kwa shughuli kubwa pia. Mwaka 2020 benki ya CRDB ilianzisha mbio jijini Dar es Salaam kuchangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mkimbiaji hurudi nyumbani amechoka na fulana yake. Akielezwa kwamba mtoto fulani ametibiwa, fulana ile hugeuka ukumbusho wa kazi aliyoshiriki.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kamati za shule, za zahanati na za mitaa, piganeni na tamaa ya kuandaa karamu inayokula mchango. Ondoeni kwanza gharama za maturubai, muziki na pilau, ndipo mtangaze kilichobaki. Tenganisheni fedha taslimu na ahadi. Kisha andikeni barua, hata kwa aliyeleta yai moja.

Nasi tunaosimama mbele ya watu na kushangiliwa, tukumbuke kwamba vigelegele havijengi ukuta. Mahali fulani kuna daftari, na jina letu limo.