Sikio Kabla ya Jicho

Mnamo 2022 niliombwa kusaidia kupanga masomo ya shahada ya kwanza ya filamu na redio. Mpango wa LMD wataka krediti 180 katika mihula 6, na karatasi hujaa upesi. Muhula wa kwanza nikaujaza historia, kama tulivyolelewa seminarini. Kamera ikafuata, masomo ya sauti nikayasukuma mwaka wa pili, nikidhani sikio hujifundisha lenyewe.

Kijana mmoja alikwenda kijijini kumpiga filamu mama mzaa baba yake akisimulia habari za ukoo. Picha ilikuwa safi. Lakini alitegemea kipaza sauti cha kamera, kilicho mbali na mdomo wa mzee, na upepo ukayameza maneno yote. Alipotaka kurudi, mzee alikuwa amekwisha zikwa.

«Mwalimu, mbona hukutufundisha hayo kwanza?» Sikuwa na jibu.

Sasa muhula wa kwanza wanashika vinasa sauti, wanasikiliza soko na mvua. Historia imepunguzwa, mwalimu wake amenuna, naye ndiye mimi. Kijana yule angali akiitazama midomo ile inayocheza, akiandika chini ya picha maneno anayoyakumbuka.