Pampu ya Pikapu ya Mzee

Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na kwa wengi wetu hapa chuoni ni hadithi za wazee tu: gari lililompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975. Kwetu Mgeta si hadithi. Pikapu ya Mzee ndiyo inayoshusha kabichi mjini Morogoro, na kabichi ndizo zinazomsomesha mdogo wangu. Ilipoanza kuvuja maji katikati ya mavuno, mimi niliye karibu na maduka ya spea ya Gerezani nikapigiwa simu: "Mwanangu, nitafutie pampu. Ila usiniletee takataka."

Mimi nasoma ualimu, lakini gari hilo nimelikulia. Kwanza nilimwomba aangalie maji yanatokea wapi. Pampu ya maji ina katundu kadogo chini. Yakichuruzika hapo, ujue sili ya ndani imekwisha, si hosi wala gasketi. Yalikuwa yanatoka hapohapo. Tena puli ikishikwa inacheza, maana yake beringi nayo hoi.

Dukani ukisema "pampu ya 504" utaletewa hata tatu. Ya dizeli ni tofauti na ya petroli. Halafu kuna suala la feni. 504 nyingi zina feni ya sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni haishiki, ikipata joto sumaku inaivuta ndipo inazunguka na puli ya pampu. Ukinunua pampu ya feni ya kawaida, hiyo ya sumaku utaifunga wapi?

Basi nikamwambia Mzee afungue ya zamani aitume kwa basi. Haikuwa rahisi kwake. Gari likae juu ya mawe, yeye akodi Kenta, na faida yote iishie huko. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Haya, baba."

Niliziweka pampu mbili pamoja juu ya kaunta: matundu ya bolti, urefu wa shafti, mahali puli inapokaa ili mkanda usiende upande. Vyote sawa. Nikazigeuza nyuma. Ile mpya ya bei chee ilikuwa na mapanga mafupi kuliko ya zamani. Muuzaji akasema, "Mdogo wangu, maji yatazunguka tu." Yatazunguka, sawa, ila kidogo, na pikapu hiyo inapanda milima. Silinda hedi ya 504 ni ya aluminiamu. Ikichemka inapinda, na hapo unazungumzia injini nzima.

Bodi ya pampu ya zamani ilikuwa haijaliwa na kutu. Nikaipeleka kwa fundi wa mashine, akabonyeza beringi mpya na sili mpya, mapanga yakabaki yaleyale. Bumu liliumia, lakini kesho yake pampu ilikuwa ndani ya basi.

Nilimwekea na galoni la kulanti. Bloku ni chuma, hedi ni aluminiamu. Ukijaza maji matupu ya kisimani kila siku, vinaliwa taratibu na sili inakufa mapema.

Nani anunue pampu mpya? Wewe, kama inafanana na ya zamani mbele na nyuma. Kama haifanani, rudisha kwenye kaunta hata muuzaji akinuna.

Mzee hakunishukuru kwa maneno mengi. Jioni ilikuja meseji moja: "Nimefika mjini. Haivuji."