Sehemu ya 11: Ilimba, gita, na mtoto ambaye haongei bado



Kuna swali ambalo halikosi siku ya kliniki: "Nesi, mwanangu ana miaka miwili na haongei. Mbona simu inamwimbia kutwa nzima?" Nitalijibu. Ila naomba nianzie mbali kidogo, kwa wanamuziki wawili.

Wa kwanza ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeishi na kufanya kazi Bagamoyo. Muulize mama mkwe, huenda akamkumbuka. Alipiga zeze, na alipiga ilimba. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vipande vyembamba vya chuma unavyobonyeza kwa vidole gumba. Ukibonyeza kinalia, kinatetemeka kidogo, halafu sauti inakufa upesi.

Wa pili ni Michael Brook, Mkanada mpiga gita. Huyu ni wa ule muziki wa roki wa kujaribu mambo mapya. Amefanya kazi na Brian Eno wa Uingereza na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Alibuni gita la umeme ambalo waya ukishaguswa sauti inaendelea tu, haikatiki mpaka mpigaji aizuie.

Mwaka 2002 wawili hawa walitoa albamu pamoja, inaitwa Assembly, kupitia Real World, kampuni ya Peter Gabriel.

Sasa fikiria hapo. Mmoja sauti yake inakufa haraka, mwingine sauti yake haifi. Kama kila mtu angetaka asikike yeye, gita lingeifunika ilimba dakika ya kwanza tu. Lakini ukisikiliza, gita linatandika chini kama mkeka, na ilimba na sauti ya mzee vinatembea juu yake. Ninachokisikia mimi ni watu wawili wanaoachiana nafasi. Mmoja akiongea, mwingine yupo, ila hamfuniki.

Jamani, hicho ndicho mtoto anachohitaji ili aongee.

Mtoto hajifunzi kuongea kwa kusikia maneno mengi tu. Anajifunza kwa zamu. Yeye anasema "baa", wewe unamtazama usoni unasema "baa, eeh, mwanangu?", halafu unanyamaza. Unamngoja. Anajibu tena. Kule kunyamaza kwako ndiko kunamwambia: zamu yako imefika, na mimi nakusikiliza.

Simu haingoji. Inaimba vizuri, ina rangi nzuri, lakini mtoto akisema "baa" yenyewe inaendelea na mambo yake. Ni lile gita lisilokatika, ila safari hii halina mtu wa kulishusha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Najua mtakachosema, kwa sababu mama mmoja ameshaniambia uso kwa uso: "Nesi, naamka saa kumi na moja alfajiri. Nina shamba, nina kuni, nina maji. Huo muda wa kumwimbia naupata wapi?" Ana haki ya kuuliza. Kama hakuna wa kukushikia mtoto, simu inakuwa yaya.

Kwa hiyo sikuongezei kazi nyingine. Natumia kazi uliyonayo:

1. Ukimenya ndizi, mweke karibu, mbali na kisu. Imba kipande, kisha nyamaza, mtazame. Hata akipiga kelele tu, hiyo ni zamu yake.
2. Ukimwogesha, taja: mkono, mguu, tumbo. Ngoja kidogo kila ukitaja.
3. Imba kwa lugha ya nyumbani. Kinyambo, Kihaya, Kiswahili, zote zinafaa. Lugha mbili hazimchanganyi mtoto.
4. Baba, sauti yako nzito nayo ni chombo. Dakika chache kabla hajalala zinatosha kuanzia.

Mzee Zawose alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens, kupitia Real World hiyo hiyo. Hapo kabla wanawake wa familia walikuwa wakiimba nyuma ya wanaume. Sasa wao ndio wako mbele. Wale wamekulia kwenye nyumba ambamo watu wanaimba na kujibiwa. Na sisi huku Kagera tuna enanga: mzee anasimulia, nyuzi zinamjibu. Kwa hiyo msiniambie mambo haya ni ya wazungu.

Lakini sikilizeni hapa, hili ni la kinesi kabisa. Kuna mtoto ambaye haongei kwa sababu HASIKII. Usikae ukisema "hata baba yake alichelewa". Mlete kituoni kama:

– Mchanga hashtuki kwa kelele kubwa ya ghafla.
– Ana miezi 6 na hageuki kutafuta sauti.
– Ana mwaka 1 na habwabwaji, wala haitikii jina lake.
– Ana miaka 2 na haunganishi maneno mawili, kama "mama njoo".
– Alikuwa anaongea, sasa ameacha.
– Sikio linatoa usaha au harufu. Usitie mafuta, maziwa wala kijiti. Mlete.

Ukija, hakuna wa kukucheka. Mtoto akigundulika mapema anasaidiwa mapema.

Usiku wa leo jaribu kitu kimoja tu: sema neno moja kwa mwanao, kisha hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujasema jingine. Utaona midomo yake inavyohangaika kutafuta jibu.

Kesho tutaongelea homa na degedege. Na niambieni, kwenu bibi akibembeleza mtoto huimba kwa lugha gani?

Nesi wenu, Songambele